Tundu la Siku Ishirini na Tatu

Jamaa aliruka ukuta wa soko la vyuma akiwa amebaki na kiatu kimoja.

Msumari alimfuata. Hatua mbili ukutani, mkono mmoja juu, akatua upande wa pili kwenye lundo la mabati. Mabati yakapiga kelele. Wachomeleaji wakavua miwani yao myeusi kumtazama.

"Mwizi huyo?" mmoja akauliza.

"Afadhali angekuwa mwizi," Msumari akajibu bila kusimama.

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Jamaa alikata kulia, akapita katikati ya mageti yaliyosimamishwa kuuzwa, akateleza kwenye oili, akaanguka. Alipoinua kichwa, goti la Msumari lilikuwa tayari mgongoni mwake. Mkono wa jamaa ukaenda mdomoni.

"Imeze," Msumari alimwambia, akihema. "Imeze tu. Nitakaa hapahapa na wewe mpaka itoke."

Jamaa alifikiri kidogo. Akaitema.

Flashi ndogo nyeusi, haifiki urefu wa kidole gumba.

Dakika tano baadaye jamaa alikuwa na pingu kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, na Msumari alikuwa ndani ya Land Cruiser yake, kompyuta ya ThinkPad mapajani, anasoma kilichomo. Wiki tatu alikuwa amelifuatilia genge hili. Halikusafirisha dhahabu wala pembe. Lilifanya magendo ya matundu.

Tundu ni kosa ndani ya kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa inayoitawala kompyuta nzima. Mtu mwaminifu akiliona, huwaambia wenye mfumo wazibe. Genge hili lilikuwa likiyanunua na kumpelekea yeyote mwenye nia mbaya.

Lakini tundu hili, Msumari alilijua. Dunia nzima ililijua. Sasisho la kuliziba lilikuwa limetolewa siku ishirini na tatu zilizopita, bure, kwa kila anayetaka. Aliyesasisha mashine yake alikuwa salama.

Basi genge lilihitaji mtu ambaye hajasasisha.

Msumari akateremsha macho. Toleo la kiini, limeandikwa kamili. Jina la akaunti ya kuingilia: mgeni3. Mahali: bwawa kuu, milango ya maji namba moja hadi sita. Kisha mistari miwili.

Leo, saa sita mchana.

Fungua yote.

Redio ikakoroma.

"Msumari, hapa Mkuu. Umeshika?"

"Nimeshika. Shabaha ni bwawa. Saa sita."

Mkuu wa Idara ya usalama alijibu papo hapo. "Inakubaliana na tulichonacho. Kuna kampuni ya nje inataka ikabidhiwe bwawa iliendeshe miaka hamsini. Wananchi wakisombwa leo, kesho nani atakataa? Na mtu wao wa ndani tumeshampata. Fundi mkuu wa milango. Amesimamishwa kazi juzi kwa kuvujisha siri. Naibu Mkurugenzi wa bwawa ndiye aliyetuletea taarifa. Nenda kamlete."

Mkuu akalitaja jina.

Msumari akaushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, Mkuu."

Faili lake Idarani lilisema hana ndugu. Aliliandika hivyo kwa makusudi, maana ndugu asiyeandikwa hawezi kutafutwa na adui. Lakini jina lile lilikuwa la dada yake. Tumbo moja, ziwa moja. Alikuwa amemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, na hakuwahi kumruhusu aisahau.

Akawasha gari.

*

Dada yake aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, chini ya ukuta wa bwawa. Alikuwa amechuchumaa uani, pampu ya jirani imefunguliwa mbele yake, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko.

"Umekonda," alisema bila kuinua kichwa. "Bima haziuziki siku hizi?"

"Dada, inuka tuingie ndani."

"Sema hapahapa. Nina kazi, ingawa wengine wanasema sina."

Msumari akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya pampu. Dada akakisoma. Akakisoma tena. Kisha akatazama ubavu wa koti la mdogo wake, pale bastola ya Glock ilipolitunisha.

"Miaka tisa," alisema polepole. "Miaka tisa unaniambia unauza bima. Mimi nikawazungukia shangazi zako wote, nikawaambia wakate bima kwa mtoto wetu!"

"Ndiyo maana nilikuwa nawakwepa."

"Usinichekeshe! Mama kafa anajua unauza bima!"

Hilo lilimchoma. Akalimeza, akasema lililomleta.

"Nimetumwa nikukamate. Wanasema umewauzia watu wa nje njia ya kuingia kwenye milango."

Dada akasimama. Spana ilikuwa bado mkononi.

"Jaribu."

"Dada..."

"Jaribu, nikuone!"

Wakatazamana. Kisha yeye akaitupa spana chini, akaingia ndani, na vitu vikasikika vikiangushwa. Akatoka na bahasha, akamtupia kifuani.

Ndani mlikuwa na barua tatu. Zote zilikuwa na muhuri wa kupokelewa, zote zikiomba jambo lilelile: sasisho la kiini limetoka, ni la dharura, naomba kibali cha kuzima na kuwasha upya mashine za milango. Ya kwanza ya siku ya pili tangu sasisho litoke. Ya pili ya siku ya tisa. Ya tatu ya siku ya kumi na saba, na hiyo haikuwa na salamu.

Pembeni ya kila moja, kwa wino mwekundu, palikuwa na neno moja na sahihi ya Naibu.

Subiri.

Subiri.

Subiri!

"Nilimweleza kama mtoto wa chekechea," Dada alisema kwa ghadhabu. "Nikamwambia, kiini kinagawa kumbukumbu ya mashine kama mwenye nyumba anavyogawa vyumba. Programu ikihama, inatakiwa inyang'anywe ufunguo. Hapa kuna kosa, ufunguo hauchukuliwi. Chumba kile anahamia mwenye nyumba mwenyewe na hati zake zote, na yule wa zamani bado anaweza kufungua mlango na kuingia. Mtu mwenye akaunti ndogo kabisa anaamka bosi wa mashine nzima. Akaniambia nini? Tuna wageni, mashine zisizimwe, tutaonekana wababaishaji."

"Wageni gani?"

"Mshauri kutoka hiyo kampuni ya nje. Kafunguliwa na akaunti kabisa. Nikaifuta, maana hana kazi na milango. Kesho yake nikaikuta imerudi. Nikaifuta tena. Mchana nikaletewa barua ya kusimamishwa."

Msumari akauliza haraka, "Akaunti iliitwaje?"

"Mgeni3. Kwa nini?"

"Nani mwingine ana uwezo wa kufungua akaunti pale?"

"Mimi, mwenzangu aliye likizo ya uzazi, na yule mshenzi mwenye wino mwekundu."

Msumari akachukua simu. Ilikuwa saa tano na robo.

"Mkuu, si huyu. Ni Naibu mwenyewe. Kawafungulia akaunti, kazuia sasisho mara tatu, na aliyepiga kelele kamsingizia. Nina karatasi zenye sahihi yake."

"Msumari, Naibu ni mtu mzito. Mlete huyo mwanamke, mengine tutayachunguza taratibu."

"Taratibu? Saa sita milango inafunguliwa!"

"Tumeshampigia Naibu. Anasema kila kitu kiko sawa."

Msumari aliitazama simu kana kwamba imemtemea mate.

"Hiyo ni amri," Mkuu akaongeza.

"Mtandao unakatakata, Mkuu."

Alama zote za mtandao zilikuwa zimejaa kwenye skrini. Akaizima.

"Hilo sasisho unalo?" akamuuliza dada yake.

Dada alikuwa ameshavaa buti. Akavuta flashi ya kijani iliyoning'inia shingoni. "Mfumo mzima, safi, na kiini kipya. Nimeukagua mara nne. Lakini sikia, ukizima mashine milango haisimami, inaendelea na amri ya mwisho iliyopewa. Kwanza lazima zishikwe breki za mkono kule juu. Na breki hazitahimili zaidi ya dakika kumi, zitaungua."

"Kuwasha inachukua muda gani?"

"Tisa."

*

Mlinzi wa lango alikuwa na maagizo ya kutomruhusu fundi kuingia. Msumari akamwonyesha kitambulisho, kisha pingu. Mlinzi akalifungua lango mwenyewe.

Walikuwa kwenye ngazi za mnara wa udhibiti ukuta ulipoanza kunguruma.

Dada akaganda. "Huo ni mlango namba tatu."

Msumari akaangalia saa ya Casio mkononi. Saa tano na dakika thelathini na moja.

"Wamewahisha. Mjumbe wao niliyemkamata hakuwapigia simu."

"Leo siku ya soko!" Dada alisema. "Kivukoni pale chini kuna watu elfu tatu!"

Akang'oa redio mbili za Motorola ukutani, akamrushia mdogo wake moja pamoja na flashi ya kijani, akabaki na nyingine, akatoka mbio kuelekea juu ya ukuta wa bwawa.

Msumari akaufungua mlango wa chumba cha udhibiti kwa bega. Mwendeshaji wa zamu, mama mmoja mwenye miwani shingoni, alikuwa anabonyeza kitufe kilekile tena na tena.

"Nabonyeza simama! Inaniandikia imesimama! Mbona haijasimama?"

Kwenye skrini, milango yote sita ilionyeshwa kijani, imefungwa. Nje ya dirisha, maji meupe yalikuwa yanatoka chini ya miwili, unene wa nyumba.

Naibu alikuwa amesimama nyuma ya mama huyo, suti ya kijivu, kikombe cha chai mkononi. Kikombe kilitulia kabisa.

"Ni hitilafu ndogo," alikuwa anasema. "Mtu yeyote asizime mashine."

Msumari akampita. "Mama, king'ora kiko wapi?"

"Lazima kiidhinishwe na..."

"Kipige!"

Mama akamtazama Naibu, akamtazama Msumari, akatazama maji dirishani. Akapiga ngumi kitufe chekundu. King'ora kikalia bonde zima.

"Unajua unaongea mbele ya nani?" Naibu akafoka.

Msumari alimfunga pingu mkono mmoja, nyingine akaibana kwenye bomba la ukutani. Chai ikamwagika kwenye suti.

"Ninajua. Subiri hapo."

Chumba cha seva kilikuwa mwisho wa korido. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, hewa baridi, mlio wa feni, na Mshauri: shati jeupe, tai iliyolegezwa, kompyuta mapajani, kebo yake imechomekwa moja kwa moja kwenye mashine ya milango. Alitabasamu kama mtu aliyefumaniwa anakula kipande cha mwisho.

"Nyinyi watu mmechelewa wiki tatu," alisema.

Mkono wake ukaingia kwenye mkoba.

Msumari aliiona bastola kabla haijatoka yote. Glock yake isingefaa humu. Risasi moja ikipotea, mashine inakufa na amri iko palepale. Akanyakua mtungi wa kuzimia moto ukutani, akaubana.

Wingu jeupe likamvaa Mshauri usoni. Bastola ikalia. Risasi ikachana koti na ngozi ya Msumari begani, ikaingia kwenye dari. Ya pili haikuwahi. Kitako cha mtungi kilimpata Mshauri kwenye kifundo cha mkono, kisha tumboni, kisha Msumari akamlaza kifudifudi na kumfunga mikono kwa tai yake mwenyewe.

"Wiki tatu," Msumari alisema akikaza fundo. "Ulihesabu vizuri."

Akaing'oa kebo ya Mshauri. Akaing'oa ya mtandao.

Nje, ngurumo haikupungua. Uovu ulikuwa umeshaingia ndani ya kiini, na haukuhitaji tena mwalimu.

"Dada!"

"Breki ya kwanza imeshika!" Redio ilijaa upepo na maji. "Ya pili imeshika! Mlango wa tatu umepanda mita moja... imeshika! Ya nne!"

Kidole cha Msumari kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima.

"Ya tano imeshika!"

Upepo tu redioni.

"Ya sita?"

"Imekwama! Usizime! Huu mlango ndio kwanza unaanza kupanda, ukizima utapanda mpaka mwisho!"

"Ipige!"

"Naipiga! Hii breki nayo niliiandikia barua! Hii nayo walisema nisubiri! Hii nayo! Hii nayo!"

Kwa kila neno nyundo ililia juu ya chuma. Msumari alisimama ndani ya baridi ya chumba kile, kidole hewani, anamsikiliza dada yake akigombana na dude la tani nne, na hakuwa na uwezo wa kumsaidia kwa chochote.

Mlio. Mkwaruzo mrefu.

"Imeshika! Zima! Zima sasa!"

Akabonyeza, akashikilia. Feni zikanyamaza moja baada ya nyingine. Akachomeka flashi ya kijani. Akawasha.

Maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye skrini nyeusi.

Dakika ya pili, mashine ilikagua sahihi ya mfumo mpya. Halali.

Dakika ya nne, ilifuta diski ya zamani.

Dakika ya sita, Dada akasema redioni, "Ya tatu inatoa moshi."

"Bado dakika tatu."

"Namwagia maji."

Dakika ya nane, Mshauri alisema kutoka sakafuni, kwa utulivu, kwamba kuna watu wangeweza kumfanya Msumari aishi vizuri sana. Msumari aliukanyaga mkono wake bila kuondoa macho kwenye skrini.

Dakika ya tisa, nambari ya toleo la kiini ikajitokeza. Mpya.

Kutoka chumba cha udhibiti, mama wa zamu akapiga ukelele. "Inanisikia! Nimebonyeza, inanisikia!"

"Funga yote," Msumari akasema. "Dada, achia breki."

Milango ilichukua dakika nne kushuka. Ngurumo ikawa mvumo, mvumo ukawa mchirizi.

*

Alimkuta dada yake chumba cha udhibiti, ameloa chepechepe, viganja vimechunika, ameshakaa kwenye kiti cha mashine ya pili. Naibu alikuwa bado kwenye bomba lake, anatazama pembeni.

"Kivukoni vipi?" Dada akauliza.

"Askari wa pale kasema kwenye redio. King'ora kiliwapandisha watu juu. Meza za soko zimekwenda, na matofali yote ya wafyatuaji. Kuna mtu kavunjika mguu. Hakuna aliyekufa."

Dada akafumba macho, mara moja tu. Kisha akayafumbua na kumgeukia Naibu. Wote walimngojea atukane. Hakutukana.

"Toka kwenye chumba changu," alimwambia.

Msumari akawasha simu. Ikaita papo hapo.

"Kazi nzuri," Mkuu alisema. Sauti yake ilikuwa laini kupita kiasi. "Sasa sikiliza. Gari la vioo vyeusi linakuja mlango wa nyuma kumchukua Naibu. Asionekane. Itaandikwa hitilafu ya mitambo. Huyo mwanamke mwambie atarudishwa kazini akinyamaza."

Msumari akamtazama dada yake. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mkuu, uliniambia nimlete aliyewafungulia."

"Ndiyo, lakini..."

"Namleta. Tunashuka kwa miguu."

Akakata. Akamfungua Naibu kwenye bomba, akamfunga mikono yote miwili mbele.

"Na wewe?" akamuuliza dada yake.

"Nina mashine tano za kuwasha upya." Tayari alikuwa anachapa. "Kibali sisubiri tena cha mtu. Nenda. Na hilo bega likasafishwe, usiniletee ujinga."

Kutoka bwawani hadi kivukoni ni mwendo wa dakika ishirini kwa njia ya mteremko. Naibu alizungumza njia nzima. Alitaja wakubwa anaowajua. Alisema hakujua wangefungua yote, aliambiwa ni mlango mmoja tu, wa kutisha watu kidogo. Viatu vyake vya ngozi vilianza kufyonzwa na tope, akasema hawezi kuendelea.

"Unaweza," Msumari alisema.

Wakafika. Maji yalikuwa yameacha alama ya kahawia kwenye kuta, juu ya kitovu cha mtu mzima. Watu walikuwa wanatafuta vitu vyao topeni: sufuria, kitenge, mizani, kandambili zisizofanana. Mfyatua matofali alikuwa amesimama mahali palipokuwa na tanuri lake, mikono kiunoni. Mama mmoja alikuwa ameshika watoto wake watatu kwa mkono mmoja, kwa nguvu iliyowafanya walie, na hakuwaachia.

Naibu akaacha kuzungumza.

Askari wa kivuko, mwanamke mwenye sare iliyoloa mpaka kifuani, akaja na daftari lake kwenye mfuko wa nailoni. Watu wakaanza kusogea, wanaitazama suti na pingu. Manung'uniko yakapanda.

"Kaeni mbali!" askari akawaambia. "Huyu ni wangu." Akamgeukia Msumari. "Ni nani?"

"Naibu Mkurugenzi wa bwawa. Ndiye aliyewafungulia waliofungua maji. Barua hizi hapa, na sahihi yake. Mwenzake amefungwa kule juu kwenye chumba cha seva."

Askari akazisoma zote tatu, amesimama topeni. Alipomaliza ya tatu, akatoa kalamu.

"Niandike kosa gani?"

"Kujaribu kuua."

"Watu wangapi?"

Msumari akavua koti lililochanika, akalitupia begani palipo pazima.

"Zunguka uwahesabu."

Askari akamtazama. Kisha akafungua ukurasa mpya, akamshika Naibu kwenye kiwiko, na kuanza naye kwa yule mama mwenye watoto watatu.

"Mmoja," alisema. "Wawili. Watatu. Wanne."

Simu ya Msumari ikaita mfukoni. Akaiacha iite. Alikuwa ameshapanda nusu ya mteremko, mikono mfukoni, na kutoka nyuma yake sauti ya askari ilikuwa bado inahesabu.